Hiyo inahesabiwa kuanzia wapi? Dalili na visababishi vya matatizo ya zamu ya daraja la meli, pwani ya Mtwara na Lindi

"Afande, jairo imeharibika." Maneno haya nimeyasikia usiku mwingi, na karibu kila mara jairo, ile dira ya umeme inayoonyesha kaskazini ya kweli, ilikuwa nzima kabisa. Kijana alikuwa ameona namba mbili zinagombana, akachagua moja ya kuilaumu. Mimi kazi ya zamu nilifundwa na serahangi (mkuu wa mabaharia) mmoja mtu wa Mikindani, mzee aliyekulia kwenye majahazi kabla ya kuvaa sare. Ukimpelekea namba mbili hakuuliza ipi ya kweli. Aliuliza: "Hiyo inahesabiwa kuanzia wapi?" Kina kinaweza kuhesabiwa kuanzia usoni mwa maji au chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa meli. Mwelekeo unaweza kuhesabiwa kuanzia kaskazini ya kweli, kaskazini ya sumaku, au kuanzia omo, mbele ya meli yenyewe. Hata saa ina mwanzo wake, na hilo nitalirudia kwa sababu sisi Waswahili linatuhusu kuliko mabaharia wengine wote.

Ninayoandika hapa ni kwa askari wa majini anayeanza zamu. Nimefuata dalili kama zinavyojitokeza, si kama zinavyopangwa darasani.

Omo inaangalia huku, meli inakwenda kule

Umetoka Mtwara kwenda Lindi, safari ya maili thelathini na kitu za baharini. Jairo inasoma 290, lakini GPS inasema njia ya meli ni 300. Tofauti ya nyuzi 10. Nani mkosaji?

Kwa pwani hii, anza na maji. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hufika Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma, na hapo hugawanyika. Tawi moja linashuka Msumbiji, jingine linapanda kwetu kuelekea kaskazini, mwaka mzima. Kusi kikivuma mkondo huu hupata nguvu, na nje kwenye kilindi unaweza kufika noti (maili za baharini kwa saa) 3 hadi 4. Wakati wa Kaskazi hupungua sana. Kwa hiyo meli ileile, kwa kozi ileile, itasukumwa Julai kwa namna isiyosukumwa Januari.

Sasa fanya hesabu. Meli inakwenda noti 10 juu ya maji, omo iko 290, mkondo ni noti 2 kwenda kaskazini moja kwa moja. Ukichora pembetatu yake kwenye chati utapata njia ya 300 na mwendo wa karibu noti 10.9 juu ya ardhi. Ndiyo zile nyuzi 10 zako. Jairo inakuambia omo inaangalia wapi, GPS inakuambia chombo kimepita wapi juu ya sakafu ya bahari. Hakuna aliyekosea. Ungeshikilia 300 kwa jairo bila kujali mkondo, baada ya saa moja ungekuwa umechukuliwa karibu maili 1.7 upande wa kulia wa mstari wako.

Sababu ya pili ni upepo. Meli ndefu yenye ubavu mrefu huchukuliwa upande, hasa ikipunguza mwendo. Sababu ya tatu ni kosa la jairo lenyewe, na hilo lina njia ya kulinasa: kosa la jairo la kudumu haliondoki ukigeuza omo, bali tofauti inayotokana na mkondo hubadilika kila unapobadili kozi. Ukielekea kaskazini sawasawa na mkondo, tofauti inayoletwa na maji hufutika karibu yote, na kinachobaki ni upepo na jairo.

Sababu ya nne huwachekesha wazee. Meli imetia nanga, na kijana anashangaa mbona GPS inasema njia ni 045, mara 210, mara 330. Chombo kisichokwenda hakina njia. Kifaa kinacheza na meta chache za kuyumba kwake. Usikiandike hicho kwenye daftari.

Jairo na dira ya sumaku hazipatani

Hazitakiwi kupatana. Kila moja ina kaskazini yake. Dira ya sumaku huvutwa na kaskazini ya sumaku, ambayo huku kwetu iko magharibi ya kaskazini ya kweli, na juu ya hapo huvutwa na chuma cha meli yenyewe. Cha kwanza kimechapwa kwenye waridi ya dira katika chati, pamoja na mabadiliko yake ya kila mwaka. Cha pili kiko kwenye kadi ya meli yako, na hubadilika kwa kila uelekeo wa omo. Kutoka dira kwenda kweli, ongeza mashariki, punguza magharibi. Kwa mfano tu: dira inasoma 306, chuma cha meli kinaleta 2 mashariki, sumaku ya mahali ni 4 magharibi. 306 ongeza 2 ni 308, ondoa 4 ni 304. Jairo ikisoma 304, au 305, endelea na kazi yako.

Ikizidi hapo, tazama mambo haya kwa kufuata urahisi wake. Nani ameweka nini karibu na dira? Redio ya mkononi, simu, spika, bisibisi, bunduki iliyoegemezwa. Niliwahi kukaa saa nzima natafuta kosa la nyuzi 7, tukabadilisha mshika usukani, zikatoweka. Yule wa kwanza alikuwa na kisu kikubwa kiunoni. Pili, jairo iliwashwa lini? Ile ya gurudumu linalozunguka huhitaji saa kadhaa kutulia, na desturi nzuri ni kuiwasha saa 4 kabla ya kuondoka. Umeme ukikatika hata kidogo, hesabu inaanza upya. Tatu, tazama kama mwendo na latitudo vimewekwa sawa kwenye kifaa. Hapa tuko karibu na nyuzi 10 kusini, na meli inayokwenda kaskazini kwa noti 15 bila kurekebishwa hupata kosa la karibu nyuzi 1 kwenye jairo. Tena kuna vifaa vyenye swichi ya kaskazini na kusini ya ikweta. Kama meli ilinunuliwa mbali, iangalie swichi hiyo kwa macho yako.

Namna ya kuamua ugomvi huu ni kutafuta shahidi wa tatu asiye na waya. Gatini, ukuta wa gati una mwelekeo unaopimika kwenye chati kubwa. Meli ikiwa imelala sawasawa na ukuta, soma jairo kabla ya kufungua kamba. Njiani, tafuta vitu viwili vilivyochorwa kwenye chati vinavyokaa mstari mmoja, na kimoja kikisimama nyuma ya kingine soma beringi, yaani mwelekeo wake. Wavuvi wa Msimbati na Sudi hufanya hivyo kila siku kwa mbuyu na kilima bila kuita jina lolote, na huirudia sehemu ya samaki ileile miaka nenda rudi.

Nje ya kuona nchi kavu, shahidi ni jua. Pwani yetu imeangalia mashariki, upeo uko wazi, sina ninachokipenda zaidi kwenye zamu ya alfajiri. Tarehe 21 Machi na 23 Septemba hivi jua huchomoza karibu kabisa na 090. Mwishoni mwa Juni, kwa latitudo yetu, huchomoza karibu 066. Mwishoni mwa Desemba, karibu 114. Siku za katikati huhesabiwa kwa jedwali la almanaka. Soma beringi pale ukingo wa chini wa jua unapokuwa umepanda juu ya upeo kiasi cha nusu ya upana wa jua lenyewe, si linapochungulia tu. Jairo ikisoma 068 mahali pa 066, inasoma zaidi kwa 2, nalo ni kosa la magharibi. Ikisoma pungufu, ni la mashariki. Liandike kwenye daftari, mwite afisa wa zamu alione. Nyuzi 1 si kitu kidogo: kwa kila maili 60 inakutoa maili 1 nje ya mstari.

Chati inasema tumepanda nchi kavu

Umetia alama ya GPS kwenye chati ya karatasi, na alama imeangukia mchanga wa Msangamkuu, ilhali wewe unaona maji pande zote. Usicheke, wala usikunje chati. Uliza swali la serahangi: nukta hizi zinahesabiwa kuanzia msingi upi?

GPS hufuata msingi wa dunia uitwao WGS 84. Chati nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa misingi mingine kabla ya setilaiti, na tofauti yaweza kuwa mamia ya meta. Baharini kweupe huioni. Kwenye mlango wa Mtwara, baina ya Msangamkuu na Msemo, mamia ya meta ndiyo tofauti ya kilindi na mchanga. Soma maelezo chini ya jina la chati: yataeleza msingi wake, na mara nyingi yatatoa marekebisho ya kuongeza au kupunguza. Kisha fungua menyu ya GPS uone nayo imewekwa msingi gani, maana kuna mtu aliyewahi kuibadilisha akasahau.

Ikiwa ni chati ya kielektroniki, kosa jingine ni kuikuza kupita kipimo chake. Picha inakuwa kubwa, lakini upimaji wake unabaki uleule wa zamani. Halafu kuna GPS iliyopoteza setilaiti ikaendelea kukisia kwa kozi na mwendo wa mwisho. Meli kwenye skrini inatembea vizuri, kila kitu kinapendeza, ila alama ndogo pembeni inasema ishara hakuna. Alama hiyo ndiyo ya kuiangalia kwanza.

Tiba ya yote haya ni rada na macho. Pima umbali wa rada kwenye rasi mbili au tatu. Umbali wa rada huaminika kuliko beringi yake, kwa sababu mwale wake ni mpana na hunenepesha kingo za nchi. Chora mistari mitatu. Ikikutana kwenye pembetatu ndogo, umepata mahali. Ikiwa pembetatu ni kubwa kama kiganja, kuna kitu kimoja umekitambua vibaya, na mara nyingi ni mnara wa simu uliojengwa baada ya chati kuchapwa.

Kipima kina kinatisha, au kinatuliza kupita kiasi

Hapa ndipo swali la serahangi linapookoa meli. Chati ya Lindi inaonyesha kina cha meta 3.2. Jedwali la maji linasema saa hiyo kuna kimo cha meta 2.4 juu ya usawa wa chati. Jumla ni 5.6. Sehemu ya meli yako iliyo chini ya maji ni meta 3.1. Chini ya mkuku panabaki 2.5. Kipima kina kinasoma 2.5, safi. Lakini zamu iliyopita ilikibadili kihesabu kuanzia usoni mwa maji, na haikusema. Wewe unasoma 5.6, unatulia, unasonga. Kikifika 3.1, wewe unadhani una meta 3 za nafasi chini yako, kumbe mkuku umeshagusa. Uliza kila unapopokea zamu: kuanzia mkuku, kuanzia kifaa, au kuanzia uso?

Uliza pia kipimo. Pima moja ni karibu meta 1.83. Kifaa kilichowekwa pima kikisoma 5, una meta 9. Kilichowekwa futi kikisoma 5, una meta moja na nusu.

Namba ikiruka ghafla wakati mashine zinarudi nyuma, ni mapovu ya propela yamepita chini ya kifaa. Ikiwa namba ni mara mbili kamili ya ile ya chati, sauti imekwenda na kurudi mara mbili kati ya sakafu na meli. Namba ikishuka kidogo kidogo bila kurukaruka, hiyo si hitilafu, ni sakafu inakujia, na kwenye mdomo wa Lukuledi mchanga hauna adabu ya kukaa ulipochorwa.

Jedwali la maji limekosea

Halijakosea. Maji yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tangu yajae hadi yapwe ni saa 6 na dakika kadhaa. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti yake hupita meta 3. Hayashuki kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza moja ya kumi na mbili ya tofauti yote, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, kisha mbili, kisha moja. Katikati ndipo yanapokimbia, ndipo na mlango wa ghuba unapovuta kwa nguvu.

Sasa, GPS huonyesha saa ya dunia, sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Majedwali mengine hutumia saa ya hapa, mengine ya dunia. Ukichanganya, umekosea saa 3, yaani nusu ya safari ya maji. Ulitegemea kukuta maji yamejaa, utayakuta yako nusu na yanakimbia.

Kosa la pili ni letu wenyewe. Mwangalizi anasema aliona taa "saa nane". Mwandishi wa daftari anaandika 0800. Aliiona 0200. Nimeona daftari lenye pengo la saa 6 likimtia mtu matatani mbele ya wakubwa, na kisa chote kilikuwa lugha. Darajani saa hutajwa kwa namba nne, sifuri mbili sifuri sifuri, hata ukiwa unaongea na mtu wa kwenu.

Rada haioni ngalawa

Sababu ni nyingi na zote ni za kweli. Mbao hurudisha mwangwi hafifu. Mawimbi ya Kusi huchafua skrini karibu na meli, mtu anakaza kifuta mawimbi hadi skrini inang'aa kwa usafi, na ngalawa amezifuta pamoja nayo. Mlingoti au bomba la moshi huficha pembe fulani nyuma yake. AIS, kifaa cha redio kinachotangaza jina na mahali pa chombo, nayo huonyesha aliyeibeba tu, na mvuvi wa dagaa hana.

Usiku wa giza, pasipo mwezi, wavuvi wa dagaa hutoka na taa nyingi, na kutoka mbali utadhani mji umehamia baharini. Mwanga wao humeza taa nyekundu na kijani za vyombo vingine, na humnyang'anya mwangalizi macho ya usiku, ambayo huchukua dakika 20 hadi 30 kurudi. Mweke mwangalizi wa pili upande usio na taa. Usipite katikati yao, kuna nyavu na kuna mitumbwi isiyo na taa yoyote. Asubuhi, mlangoni Mtwara, ongeza kivuko cha Msangamkuu na mashua za abiria kwenye hesabu hiyo.

"Ile taa iko palepale"

Mwangalizi anasema taa nyekundu iko nyuzi 40 kulia mwa omo, na dakika tano baadaye bado ni 40. Kuanzia omo, sawa. Lakini mshika usukani amekuwa akiyumba nyuzi 5 huku na huku. Beringi inayohesabiwa kuanzia omo huyumba pamoja nayo, kwa hiyo haithibitishi hatari wala usalama. Chukua beringi ya dira, mara tatu, kwa saa iliyoandikwa. Isipobadilika vya kutosha huku umbali unapungua, Kanuni ya 7 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 inasema hatari ya kugongana ipo. Na kwa meli kubwa sana, au inayokokota, au iliyo karibu, hatari yaweza kuwepo hata beringi ikibadilika.

Taa nyekundu ya kulia mwako ni ubavu wa kushoto wa anayekatiza mbele yako, nawe ndiye unayepaswa kumpisha. Geuka mapema, geuka sana, ili aone. Kugeuka nyuzi 5 kwa aibu humwacha asijue umefanya nini. Ukiwa na shaka na nia yake, milio mitano mifupi au zaidi. Na nahodha aitwe kabla ya yote hayo, si baada.

Usukani umezungushwa, meli haigeuki

Kwanza, amri ilikuwa nini? "Kulia kumi" ni pembe ya usukani au ni kozi mpya iliyo nyuzi kumi zaidi? Mtoa amri atamke lote, mshika usukani arudie lote, kisha aseme umefika. Nahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo anayeongoza ni mmoja, na kubadilishana kwake kunatangazwa kwa sauti.

Pili, tazama sindano ya pembe halisi ya usukani, si gurudumu. Gurudumu linaonyesha ulichoomba. Sindano isipotembea, tazama kama rubani wa mashine, kifaa kinachoshika usukani chenyewe, bado amewashwa, kisha badili pampu, kisha badili mfumo wa usukani. Ikishindikana, watu washuke chumba cha usukani kilicho tezi, nyuma ya meli, simu ya kule ijaribiwe, na nahodha na mashine wajulishwe. Taa mbili nyekundu zilizopandana usiku, au maumbo mawili meusi ya duara mchana, zipande juu.

Sindano ikitembea na meli bado nzito, tatizo ni maji. Mwendo mdogo hauupi usukani maji ya kusukuma. Kina kidogo huzamisha meli zaidi na kuifanya mvivu kugeuka, na dawa yake ni kupunguza mwendo, si kuongeza. Ukingo wa mfereji huvuta tezi. Mawimbi ya Kusi yakikufuata nyuma huinua tezi na kuilaza meli ubavu, na hapo mshika usukani mzuri hutangulia wimbi badala ya kulifukuza.

Sisi tulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa juu ya kipima kina, mwandiko wa yule serahangi: kina kuanzia mkuku, meta. GPS WGS 84. Saa ya hapa. Beringi za kweli. Anayepokea zamu alikisoma kwa sauti, anayekabidhi akajibu ndiyo kwa kila mstari, na hakuna aliyeondoka kabla macho ya mwenzake hayajazoea giza. Kinaweza kuandikwa kwa dakika mbili. Unyevu ukikibandua, bandika kingine kabla ya kung'oa nanga.